Daraja Tulilolichoma Mwezi wa Kwanza

Masikio ya dereva wa basi hayakuwa na pazia, na siku hiyo bahati ilimletea kiti cha mbele fundi seremala na nesi, wasiojuana, kila mmoja na kijitabu kilekile cha mchezo wa mezani, ule wa kurusha dadu na kujifanya mashujaa. Hadithi yake hutoka kijitabu kimoja kila mwezi, hadi vitimie sita.

“Mimi sijafungua hata kimoja,” nesi alisema. “Nangoja vyote sita. Chai siinywi kwa kijiko.”

Fundi akacheka. “Unakosa uhondo, dada. Mimi na wenzangu mwezi wa kwanza tulichoma daraja mchezoni, kwa ujuha tu, tukasahau. Mwezi wa tano tunafungua, tunasoma: ‘Kama mlichoma daraja, mzee wa mtumbwi anawangoja mtoni, naye hajasahau.’ Miezi minne baadaye! Walijua tangu mwanzo kwamba watatokea majuha kama sisi. Waandishi wale wana akili, acha tu!”

Dereva, ambaye hajawahi kushika dadu maishani, akapunguza mwendo.

“Ndiyo maana sitaki kuidonoadonoa kazi yao,” nesi akajibu. “Na kituo changu hiki hapa. Usiniambie zaidi, kaka.”

Basi likasimama. Dereva akageuka mzimamzima. “Fundi, yule mzee aliwavusha?”

“Nifungulie mlango kwanza!” nesi akapiga kelele, vidole masikioni.

Mlango ukafunguka. Mguu wake mmoja ukakanyaga chini. Wa pili ukabaki ngazini, na vidole vikaanza kulegea.