Maisha ya Mama Kesi, na Sababu ya Jeneza Lake Kufungwa

"Hebu niambie ukweli, Mama Kesi. Wewe umewahi kuua mtu?"

Jirani yake mshona nguo alimuuliza hivyo siku moja wakianika, baada ya kusoma kitabu chake cha tatu na kukosa usingizi. Marehemu alibana kibanio cha mwisho kwenye shuka, akamjibu kwa upole kwamba bado, ila maji ya kufulia yakiendelea kumwagwa mlangoni kwake, yeye hajui ya mbele. Maji yakahamia upande wa pili. Wengi mlioko hapa mlimjua hivyo, kwa vitabu vyake vya mauaji na kwa ulimi wake. Waliolala naye chumba kimoja utotoni walimjua kwa kuona haya. Hata soksi alivaa akiwa amegeukia ukutani.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1960, katika nyumba ya pili kutoka kituo cha treni, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yao alikuwa seremala. Mama yao ndiye aliyeitwa mtaani kila mwanamke alipofariki, aende kumwosha, na binti zake aliwafundisha kwamba marehemu huoshwa chini ya shuka: mkono unaingia, jicho haliingii.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya posta, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu mwaka 1978. Mwalimu wake wa lugha alimlalamikia mama kwamba mtoto haandiki insha kama wenzake. Aliambiwa aandike juu ya siku ya michezo, na ilipofika ukurasa wa pili mwalimu mkuu alikuwa ameshapotea na kiatu chake kimeokotwa kisimani. Mama aliomba radhi, lakini akiwa njiani kurudi alimuuliza binti yake kiatu kilifikaje kisimani.

Mwaka 1981 aliajiriwa mahakamani kuwa mpiga chapa. Kutwa alichapa maneno ya mashahidi, na jioni alichapa ya kwake juu ya meza ya jikoni, mashine akiwa ameiwekea taulo chini isiamshe watoto. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1988, na vingine vikafuata. Kila kimoja kilifunguliwa kwa maiti.

Aliolewa tarehe 14 Aprili 1984 na fundi saa mwenye kibanda mkabala na mahakama. Mungu aliwajalia mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji yetu hakusoma hata kitabu kimoja, kwa kuwa anaogopa damu, ila kila jioni mezani aliuliza, "Leo umemmaliza nani?" Akiambiwa ni mwenye duka la dawa, huweka kijiko chini na kuuliza kama ameacha watoto. Kwa ajili yake, marehemu aliwaponya watu wawili ambao walikuwa wameshakufa kwenye karatasi.

Sasa ni lazima isimuliwe safari ya mwaka 2014, kwa maana ndiyo iliyotufikisha hapa na jeneza lililofungwa.

Mchapishaji wake alimwambia kwamba wasomaji wamezoea, anahitaji mauaji mapya, na akampeleka ng'ambo kwenye mji unaopendwa na waandishi wa hadithi za namna hiyo. Kulikuwa na nyumba ambamo zamani mke wa mwenye duka aliuawa kweli. Nyumba ile ilikuwa imegeuzwa mahali pa kutembelea. Marehemu aliingia na kalamu yake kama mtu anayekwenda kazini.

Alichokiona humo alimsimulia mdogo wake wa kike mara moja tu, na alikula kidogo siku hiyo. Damu sakafuni ilikuwa rangi, na kila asubuhi kijana wa zamu aliipaka upya ili ing'ae. Wageni walipanga foleni walale pale alipolala yule mama, ulimi nje, wapigwe picha. Mlangoni waliuza biskuti za umbo la vidole, zenye jemu upande uliokatwa, na watoto wakaramba jemu hiyo mpaka ikawatiririka kwenye viwiko. Nyumba nzima ilinuka rangi mbichi na mafuta ya kukaangia.

Ukutani ilitundikwa picha yenyewe, iliyopigwa na polisi siku ile. Mdomo wazi. Gauni limepanda mpaka mapajani. Gaguro, lile vazi la chini ya gauni, lilikuwa na kiraka cha ndani, cha kushonwa kwa mkono, kile ambacho mwanamke hushona akijua hakuna atakayekiona. Bwana mmoja aliyekuwa akitafuna alisema meno ya yule mama yalikuwa mabaya, na wenzake wakacheka.

Marehemu alimuuliza mwongoza wageni kama huyu mama ana watu wake. Akajibiwa kwamba yupo binti, anaishi mtaa wa nyuma, ila hajawahi kuingia. Akienda sokoni huvuka barabara apite upande wa pili.

Dada yetu akavua mtandio wake kichwani na kuifunika ile picha. Watu wakanung'unika. Mwongozaji akamwomba autoe, wageni wamelipia. Alikataa, akatolewa nje yeye na mtandio wake. Alitapika kwenye ua wa nyumba ile, mbele ya foleni, na wapo waliodhani ni sehemu ya maonyesho.

Aliporudi alivitoa vitabu vyake vyote rafuni na kusoma kurasa za kwanza. Akamwambia mdogo wake, "Nimewaacha wazi wote. Hata mmoja sikumshushia gauni limsitiri." Kinyaa kilimshika cha mikono yake mwenyewe, na kwa muda mrefu hakugusa mashine. Hakujisamehe haraka, ingawa mdogo wake alimsomea kwamba Mungu husamehe.

Kitabu chake cha mwisho alikiandika polepole. Mchapishaji alikuja nyumbani, akafunua kurasa mbele na nyuma.

"Mama, maiti iko wapi?"

"Imezikwa."

"Imezikwa lini, mbona sijaiona?"

"Ndiyo maana yake, mwanangu. Kunywa chai."

Mchapishaji hakukichapisha. Kipo nyumbani, na ni kizuri.

Februari 2022 alianza kuumwa ini. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na alivumilia kwa sala. Siku moja alitembelewa na mtu wa pale kwa mchapishaji, akiwa na maua. Alimkuta amelala, akampiga picha kwa simu, mdomo wazi, mpira wa dawa puani, akaituma kwa wasomaji wamwombee. Binti wa marehemu aliiona kwenye simu ya mtu asiyemjua, kwenye foleni ya benki. Haifai kuandika hapa tulichokisema kwa mtu yule. Bwana atusamehe, na yeye pia.

Alifariki tarehe 3 Mei 2022, alfajiri, akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha mume, mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu watatu, mdogo wake wa kiume na mdogo wake wa kike.

Baba mdogo, tunajua umeumia, umesafiri umuage mwanao kwa macho. Nanyi wasomaji mliotoka mbali, asanteni. Tangu jana yapo maneno kwamba amelishwa sumu, na wengine wanasema jeneza ni tupu. Maneno hayo yanatuchefua, na tunaomba yaishie getini. Hakuna fumbo. Yumo, ameoshwa na mdogo wake chini ya shuka, na amevaa gauni lake refu la bluu.

Bwana ampe usingizi usiochunguliwa na mtu.

Aliyoomba ni haya, siku mbili kabla hajatuacha: "Nifunike vizuri, mdogo wangu. Jeneza mlifunge huko huko hospitali, na mtu yeyote asilifungue."