Siku Ishirini na Tatu za Kapteni Mutsinzi

— Anayebisha abishe sasa hivi, kabla sijamaliza hiki kikombe! Kesho saa tatu asubuhi makanali watatu watakaa kwenye viti wakinisubiri mimi. Si waziri, si askofu. Mimi, Aimable, na helmeti yangu kwapani. Haya, bisheni!

Hakuna aliyebisha, na hilo lilimkera kuliko tusi, maana Turbo, kama wote walivyomwita dereva huyu wa pikipiki, alizoea kubishiwa kwanza ndipo ashinde. Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Vichochoro vya Biryogo vilijaa kanzu na moshi wa nyama, na kwenye benchi lililoegemea ukuta wa fundi cherehani walikaa wale wale wa siku zote. Jean-Berchmans, fundi mwenyewe, mtoto wa Bujumbura aliyeitwa Sindano kwa wembamba na kwa ulimi, alikuwa akipinda suruali kwa mkono. Kando yake alikaa Hajji Kabera, muuza vitambaa, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Spéciose alizunguka na chupa yake ya kahawa ya tangawizi, akimmiminia kila aliyenyoosha mkono. Mwisho wa benchi alikaa mwanamke mgeni mwenye sweta ya kijani, mkoba magotini. Aliagiza kahawa na hakuigusa.

— Mimi sijaelewa, Spéciose akasema. Mutsinzi si ameshakuwa kapteni? Nyota tatu nimeziona mwenyewe begani.

— Cheo anacho, mama, Redio akajibu. Tarehe ndiyo hana. Wenzake waliingia naye jeshini siku moja, wakapata ukapteni Februari ya mwaka jana. Yeye akaletewa Oktoba.

— Miezi nane tu? Si kitu.

— Si kitu kwako! Chuo cha maofisa kinafungua Machi hii, na wanataka mtu aliyekaa na cheo mwaka mzima. Mwaka ujao umri wake utakuwa umevuka. Asiporudishiwa Februari yake, umeja ausahau. Atazeeka na nyota hizo hizo ulizoziona.

Mutsinzi ni mtoto wa kichochoro hiki. Hata Turbo, kushika klachi alifundishwa naye, hapo hapo mbele ya benchi, siku Mutsinzi alipokuwa likizo.

— Sasa sikilizeni walivyomfanyia, Turbo akasema, akisimama ili aonekane vizuri. Afande alikuwa nje, kulinda amani. Ilibaki fomu moja tu, aitie saini, ifike ofisini kabla ya tarehe thelathini na moja Januari. Akaisaini. Akampa mwenzake anayekuja likizo. Mwenzake akaiacha wapi?

— Hapa, Sindano akasema bila kuinua macho.

Wapi pengine? Funguo za wapangaji, dawa za wagonjwa, cheti cha ubatizo, kila kitu cha Biryogo kinachosubiri mwenyewe huachwa kwenye benchi la Sindano, na aliye na safari ya upande huo hukichukua. Haijawahi kuandikwa mahali, na haijawahi kupotea hata sindano.

— Nani aliichukua ile bahasha tarehe ishirini na nane? Mimi! Siku tatu kabla! Nikapanda nayo mpaka getini. Askari akaniona navyokuja, sha, akapiga saluti. Nikamwambia pumzika. Nikaikabidhi mkono kwa mkono. Halafu leo muhuri wao wa kupokea unasema ishirini Februari! Hesabuni. Siku ishirini na tatu dosiye, hiyo fomu yake, imelala kwao. Na ofisi ikichelewesha, tarehe ya cheo inarekebishwa. Afande mwenyewe amenieleza. Kinachotakiwa ni shahidi tu mbele ya hao makanali, na shahidi ndiye huyu mnamtazama.

— Ni muhuri huo, Sindano akasema. Ile mihuri ya tarehe inazungushwa kwa kidole kila asubuhi. Mtu amezungusha ikapitiliza, akaona uvivu kuirudisha.

— Yewe, muhuri upitilize siku ishirini na tatu? Redio akacheka. Hapo iko mkono wa mtu. Nimesikia yupo luteni alikuwa anataka nafasi hiyo hiyo, na mke wake na yule koplo mpiga muhuri wa ofisi ya barua wanasuka nywele kwa mtu mmoja.

— Wewe umeyasikia wapi?

— Kwa anayewasuka!

Turbo hakukubali kupitwa na Hajji kwenye kahawa anayoilipia yeye.

— Huyo luteni ni mdogo, alisema. Mimi siku ile nilifuatwa. Gari nyeusi, vioo vyeusi, kuanzia pale Kiyovu. Nikikata kona, inakata. Nikisimama, inasimama. Walitaka bahasha njiani. Waliponishindwa, wakaenda kwa koplo. Yule koplo alipewa kitu, mimi nawaambia. Barua haifichwi bure.

— Koplo mwenyewe nani?

— Vestine fulani. Kesho na yeye atakuwepo. Nitamwangalia hivi machoni, mpaka aseme alipoificha.

Alionyesha atakavyomwangalia. Redio alipiga makofi. Sindano akaongeza kwamba wanawake wa ofisini wakikosa harusi huanza kulala juu ya mafaili ya watu, na hapo hata Spéciose akacheka, ingawa aliziba mdomo.

— Kaka, yule mgeni akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Ilibidi waache kucheka ndipo waisikie.

— Ulipoikabidhi, ulijaza kitabu gani?

— Kitabu cha nini, dada?

— Pale getini kila anayeleta barua hujaza kitabu kwa mkono wake. Jina lake, saa, barua ya nani. Ndipo wanaipokea. Wewe ulijaza kipi?

Turbo alitazama Sindano. Sindano alitazama Hajji. Hajji, ambaye ana jibu la kwa nini mvua ya Nyamirambo haifiki Kimironko, alitazama ndani ya kikombe chake.

— Mwaka mzima umepita, Hajji akajaribu. Nani anakumbuka kitabu?

— Kitabu kinakumbuka. Tarehe ishirini na nane Januari haina mtu wa pikipiki hata mmoja. Tarehe ishirini Februari yupo mmoja, Régis, ameleta bahasha ya Luteni Mutsinzi. Vestine amewaonyesha. Wakamwambia huyo Régis amemtunga ajiokoe, kwa sababu shahidi wa Kapteni anaapa aliileta yeye mwenyewe.

— Régis? Sindano akauliza taratibu. Yule wa stendi yako, Turbo? Aliyehamia Uganda?

Turbo alivuta zipu ya koti la kazi, benchi zima likiwa limemgeukia.

— Dada, wewe ni nani? Spéciose akauliza.

— Naitwa Alida. Nimetoka Kibagabaga. Vestine ni mdogo wangu. Kesho saa tatu kamati ikiona alilalia ile barua, anavuliwa cheo na kurudishwa nyumbani. Wamama wawili tunamtegemea, mimi na aliyetuzaa. Sikuja kugombana. Niliambiwa mleta bahasha anakaa hapa, nikaona nije nimuulize uso kwa uso. Nimeuliza swali moja tu.

Sindano aliweka suruali chini.

— Turbo. Kabla hujasema kitu, nisikilize. Ofisi isipokuwa na kosa, hakuna cha kurekebisha. Unaelewa? Oktoba inabaki Oktoba. Mutsinzi amekwisha.

— Na akinyamaza? Spéciose akauliza.

— Akinyamaza, amenyamaza.

— Anaisha mtoto wa watu.

— Mtoto wa watu simjui! Mutsinzi namjua! Nimemshonea sare ya kwanza!

— Fundi, Alida akasema, na mimi huyu wangu namjua.

Hakuna aliyenyoosha kikombe tena. Kijana mwingine yeyote angeondoka hapo, na pikipiki ilikuwa hatua kumi tu, juu ya ngazi. Turbo aliiangalia. Aliwaza uso wa Mutsinzi siku aliporudi, alivyomkumbatia mbele ya watu wote akisema, "Wewe ulifanya yako, ndugu yangu, ni ofisi iliyoniangusha." Alikuwa na nafasi ya kusema siku ile. Badala yake aliagiza Fanta kwa kila mtu.

— Sikuikabidhi, akasema.

— Turbo!

— Niache, Sindano. Sikuikabidhi. Ilikaa chini ya kiti cha pikipiki. Nilisema nitaipeleka kesho, kesho ikawa keshokutwa. Afande akapiga simu kutoka huko, akauliza, imefika? Nikasema imefika. Sasa ningefanyaje? Mwishoni nikampa Régis, nikamwambia usimwambie mtu. Koplo hana kosa. Aliipiga muhuri siku ile ile aliyoipata.

Hajji alishika ndevu zake.

— Sikiliza, mwanangu, akasema haraka haraka, hapo iko sababu. Mvua ilikuwa kubwa ile wiki. Barabara ilifungwa.

— Au ulikuwa mgonjwa, Sindano akadakia. Malaria! Mtu wa malaria hana kosa. Labda hata Mutsinzi wanaweza kumhurumia.

— Ile gari nyeusi, je? Kama walikutisha…

— Hakuna gari nyeusi, Hajji.

Walikuwa wanampa milango, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulimtosha kupita. Alida alifungua mkoba, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaziweka juu ya benchi.

— Andika hivyo hivyo ulivyosema, kaka. Kwa mkono wako. Nitaipeleka mwenyewe.

— Na Kapteni? Spéciose akauliza.

— Kwake nakwenda leo, Turbo akasema. Kabla ya magharibi. Asiyasikie kwanza kwa makanali.

Akachukua kalamu. Akaigeuza, akaigeuza tena. Karatasi ilikaa nyeupe muda mrefu mpaka Spéciose akageuza uso, na Sindano, ambaye ulimi haujawahi kumpungukia, akaanza kutafuta uzi ambao haukupotea.

— Nilifika, Turbo akasema, sauti imeshuka. Tarehe ishirini na nane nilifika kweli mpaka getini, hapo sikudanganya. Hakuna aliyenipigia saluti. Askari alifungua kitabu, akanipa kalamu, akasema jaza. Nyuma yangu kulikuwa na watu sita. Wasichana wawili, wamevaa vizuri, wana vitambulisho shingoni. Nikamwambia askari ngoja nikaegeshe pikipiki vizuri. Nikawasha, nikaondoka. Kila nikitaka kurudi, nilikiona kile kitabu.

Alimrudishia Alida kalamu yake.

— Kuandika sijui, dada. Andika wewe. Mimi nitasema polepole.