Dhamana ya Nyumba ya Mkabala

Kijiwe chetu ni benchi moja na birika la kahawa, mkabala na nyumba iliyohamwa zamani, kuta zimepasuka, madirisha meusi mchana kutwa. Alasiri hiyo kaka yangu alikuja na bahasha kwapani: hati ya nyumba ya mama. Anataka kuinunua ile mbovu, aikarabati, aiuze kwa faida. Hajawahi kuuza hata banda la kuku. Benki imemkataa, ila mkopeshaji mmoja, anayemjua kwa simu tu, amekubali kumpa pesa zote, mradi nyumba ya mama iwe dhamana.

— Kaka, mambo yakienda mrama mama atalala wapi?

— Binti, haraka haraka haina baraka, alidakia Profesa, dereva wa lori. Ndiyo maana asichelewe kusaini.

— Methali umeivalisha kinyumenyume. Hoja iko wapi?

— Hoja ni kwamba mkopeshaji huyo hana roho mbaya. Alimkopesha fundi cherehani ainunue nyumba hiyohiyo mbovu, kisha mwalimu wa hesabu.

— Fundi cherehani nilimtandazia nyaya mpya, alisema Waya, fundi umeme wetu. Mwalimu aliponiita, nikakuta zile kuukuu zimerudi ukutani.

— Panya hao.

— Panya wanatandaza nyaya?

— Wa siku hizi wamesoma, alijibu Profesa.

Waya hakucheka.

— Mwalimu alibomoa ukuta apanue sebule. Nikapima mwenyewe. Sebule ilikuwa imepungua.

— Basi penye nia pana njia, alisema Profesa, ila sauti ilishamshuka.

Mama mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akipuliza kahawa yake pembeni, akauliza:

— Samahani, wanangu. Hao waliokopa wanaishi wapi sasa?

Wote wawili walikaa nasi hapa, tukanywa nao. Hakuna aliyekumbuka wakiaga.

— Nitamuuliza mkopeshaji mwenyewe, alisema kaka. Akapiga, akaweka spika ya simu.

Simu ikaita ndani ya nyumba ya mkabala.

Ikaita tena, kisha ikapokelewa. Kaka akauliza:

— Mzee, mwalimu na fundi cherehani wako wapi?

— Tupo, sauti ikajibu kwa upole. Lete hati ya mama.

Nikaichomoa bahasha kwapani mwake, kisha nikamkamata shati kwa mikono miwili, maana miguu yake ilishaanza kuvuka barabara.