Pepo wa Kusahau na Sahani ya Mchicha

Bwana asifiwe! Mmeitikia kama watu walioshiba, ndugu zangu, na shibe ndiyo habari yangu leo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro, mtoto wa Mgeta, kule milimani. Kwetu karoti na kabichi ni mali ya lori la Dar; ukikutwa unatafuna karoti shambani, utasemwa hadi jioni. Basi nilipofika chuoni nikaona mboga nimezibeba vya kutosha, sasa nile vya mjini. Asubuhi sili. Mchana chipsi, jioni andazi na kinywaji cha enaji, najiona nimeula!

Kichwa kikaniacha. Nasoma ukurasa, nikifungua wa pili, wa kwanza umeyeyuka. Nikapata sapu, na nikifeli mtihani huo wa marudio nadisko, nafukuzwa chuo, narudi mlimani kumtazama mama usoni. Niliogopa, ndugu zangu! Nikaamini kabisa nimetupiwa pepo wa kusahau. Nikafunga mfungo mkavu, hata maji sigusi.

Siku ya maombezi nikasogea mbele. Kabla sijaguswa, nikaanguka. Kanisa likalipuka: "Toka! Toka!" Mama mchungaji akapiga magoti, akanishika mikono, akauliza, "Mwanangu, mara ya mwisho umekula nini?" Nikashindwa kukumbuka. Akawageukia waumini: "Hebu nyamazeni. Huyu ana njaa. Nani ana uji?"

Nililia kwa aibu, lakini ule uji niliumaliza.

Tangu hapo nikawa napita jikoni kwake. Uji kabla ya vipindi, mchana ugali na maharage, dagaa, sahani ya mchicha. Kuomba hatukuacha; tuliomba tukisubiri maharage yaive. Sikugeuka mwerevu ghafla, vitabu vilinitoa jasho vilevile, ila sasa nilichosoma kilikaa. Sapu nikafaulu. Aleluya!

Nimeliwaza sana jambo hili. Nilimlilia Mungu anipe akili, huku chakula cha kuilisha akili hiyo, alichokiotesha mlangoni kwetu, nakipakia kwenye lori. Sisemi tusifunge, mfungo una wakati wake. Nasema Mungu alinijibu kwa bakuli, na ninamshukuru, pamoja na mama aliyenipakulia.

Dada yangu uliyeinua mkono asubuhi hii, ukasema mitihani imefika na kichwa kimeganda, mtumaini Bwana. Njoo mbele, tutakuombea. Ila kwanza niambie, mpendwa: umekula?