Kamongo wa Mwalimu Skolastika Hana Kosa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika na kuhariri vitabu vya watoto katika kituo chetu cha usomaji hapa Nyakato, Musoma, Mwalimu Skolastika Matiku anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Waandaaji wa sherehe wameniomba wasifu huu uwe mfupi na wa furaha. Mfupi utakuwa.

Mwalimu alizaliwa Butiama, akafundisha darasa la pili kwa miaka michache, kisha akajiunga nasi akiwa na hadithi tatu mkobani na ulimi mkali. Hadithi zilichapishwa. Ulimi haukupoa.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Rasimu ikikamilika, hakumpelekea msomi yeyote. Alipanda gari hadi Bunda, akaingia shule moja ya Nyasura na kuwasomea watoto kabla uji haujaiva. Watoto wa Musoma alishawaacha. Walimzoea mno, wakawa wanamchekea hata asipochekesha. Na kwa nini kabla ya uji? "Aliyeshiba anampigiaga makofi mtu yeyote," alikuwa akisema. Kila mahali watoto walipogeuza macho kuelekea jikoni, aliandika pembeni "sufuria", na akirudi ofisini alipafuta. Kuna rasimu zilizorudi zimejaa sufuria tupu. Alizichana bila kununa, akaanza upya.

Sasa tuizungumzie Kamati ya Maadili ya kituo chetu, maana kuiruka ni kumpunja Mwalimu sifa zake. Hawa ni watu wazima wenye heshima zao, wanaosoma hadithi za watoto ukumbini baada ya pilau, bila mtoto hata mmoja karibu. Kazi yao ni kuhakikisha kila hadithi ina funzo, na funzo lenyewe liandikwe mwishoni kwa herufi nene, watoto wasije wakafurahi bure. Kitabu cha Mwalimu kuhusu mbuzi wa Penina aliyekula maua ya altareni kiliongezewa ukurasa wa namna hiyo. Nendeni maktabani mkakiangalie. Kurasa zote zimechakaa kwa vidole vyenye mafuta ya dagaa, isipokuwa ule wa mwisho, ambao ni msafi kama ulivyotoka kiwandani. Watoto wa Mara si wajinga.

Kisha akaandika hadithi ya Kamongo. Samaki huyo tunamjua sote: kiangazi kikikausha maji, hujichimbia topeni akalala hadi mvua irudi. Katika hadithi ya Mwalimu, wanyama wengine wanahangaika, wanaitisha mikutano, wanachagua viongozi na kuwapindua. Kamongo amelala. Mvua inanyesha, anaamka, anauliza kama kuna ugali uliobaki. Basi. Mimi ndiye niliyechora picha zake, na siku aliposoma Nyasura nilikuwepo. Uji uliiva, mpishi akaita, hakuna aliyenyanyuka. Mama Marieta, mpishi mwenyewe, akaja na mwiko mkononi kuona kulikoni, na yeye akaketi kusikiliza.

Kamati ikaikataa. Mwenyekiti, Bwana Nicolaus Ryoba, alitoa hukumu kwa masikitiko makubwa: "Mwalimu, hii hadithi ni nzuri ila haina funzo. Huyu samaki analalaga tu! Mwamshe mapema, aende shule, aombe msamaha."

Mimi nikaagizwa nimchoree Kamongo sare ya shule, na soksi juu, mtu asiye na miguu.

Mwalimu akamtazama Bwana Ryoba. "Mwenyekiti, kamongo ukimwamsha kiangazi anakufa. Hiyo ndo unataka nikawasomee watoto?"

Kamati ikaenda kunywa chai.

Tangu hapo ameiwasilisha kila mwaka, na kila mwaka imerudishwa ikiwa imechafuliwa kwa wino mwekundu. Vitabu vyake vingine vimechapishwa na vinapendwa, lakini tuseme ukweli: hiki ndicho alichotaka kukiona mikononi mwa watoto kabla hajaondoka. Mwezi uliopita kamati ilitangaza kwamba akishastaafu, ataletwa mtaalamu wa "kuikamilisha" hadithi hiyo. Mwalimu hakusema neno. Sikuwahi kumwona akinyamaza mbele ya upuuzi, na iliniuma sana.

Mwalimu Skolastika, tunakushukuru kwa kutufundisha kumwogopa mtoto anayepiga miayo kuliko mwenyekiti yeyote. Tunakuombea afya njema, magoti imara, na asubuhi ndefu za kuandika huko Butiama pasipo kusubiri muhuri wa mtu. Uishi vizuri, mama.

Limebaki jambo moja. Kanuni za kituo zinasema kila kitabu lazima kipite kwenye kamati. Kuhusu jarida la wafanyakazi kama hili hazisemi lolote, tumezisoma vizuri. Kwa hiyo hadithi ya Kamongo imechapishwa yote humu ndani, kuanzia ukurasa unaofuata, kama Mwalimu alivyoiandika, na hatujamwambia. Watoto wa Nyasura waliokuja kutuimbia kwenye sherehe hii wameshagawiwa nakala zao. Bwana Ryoba, ambaye ndiye mgeni rasmi wetu leo, asishangae wakiangua kicheko katikati ya hotuba yake.