Milo Kucera na Trela la Futi Thelathini

Marehemu Milo Kucera alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, shambani kwa wazazi wake Emil na Blanche, kusini mwa Wilber, Nebraska, akiwa kitinda mimba. Alisoma shule ya chumba kimoja jirani na nyumbani, akamaliza sekondari mjini Wilber mwaka 1967. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwahi kudai hivyo.

Kazi yake ilikuwa mzani. Kwa miaka thelathini na moja alipima malori ya mahindi kwenye ghala la ushirika, na aliyezidisha mzigo alisemwa mbele za watu, awe jirani awe shemeji. Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na LaVonne Pospisil, na Mungu akawajalia binti, Renae.

Lakini mganga hajigangi. Julai 2003, wakijiandaa kwenda milima ya Black Hills, Milo aliona pikapu yao ndogo imelala nyuma kwa uzito wa trela lao la kulala, la futi thelathini. Akahamishia kuni, maji na mitungi ya achari mkiani mwa trela. Pikapu ikainuka, akafurahi. Kumbe trela lisilolemea vya kutosha mbele huyumba. Upepo ulipolipiga karibu na mji wa Valentine, likaanza kuitikisa pikapu huku na huku. Akakanyaga breki kwa nguvu, wakaishia mtaroni. LaVonne alivunjika mkono. Milo alilia kuliko aliyevunjika.

Tangu hapo hakusafiri bila kupita mzanini. Alihesabu abiria, mbwa na hata birika la kahawa, maana vyote hubebwa na pikapu. Vizito vya trela aliviweka mbele ya magurudumu yake. Kambini walimcheka, kisha wakamwomba awakagulie na yao. LaVonne aliendelea kufuatana naye, ila aliapa kwamba usukani ule hataugusa.

Mei 2023 moyo wake ulidhoofika, madaktari wakamkataza kuendesha. Alitamani kuiona milima mara moja tena, lakini kwa sababu ya mkono ule hakuthubutu kumwomba mkewe. LaVonne alimwona anavyolitazama trela dirishani, akavunja kiapo. Wiki tatu alijifunza uwanjani pa ghala, akirudi nyuma na kuangusha ndoo zilizowekwa kama alama, Milo akifoka mpaka akaambiwa akanywe dawa.

Agosti wakaondoka. Karibu na Valentine upepo ukavuma, trela likayumba. Milo akafungua mdomo.

“Nyamaza, mzee,” LaVonne akamwambia. “Leo mikono ni yangu.”

Hakukanyaga breki. Aliachia pedali ya mafuta, akaushika usukani bila kuuzungusha, akavuta taratibu kishikio kinachofunga breki za trela peke yake. Likanyooka. Walikwenda maili kadhaa.

“Nilikuvunja mkono, mama,” Milo akasema.

“Najua. Ulishapona. Lala basi.”

Akalala. Miaka yote ya safari zao hakuwahi kusinzia trela likiwa nyuma yake. Aliamka milima iko mbele yao, na LaVonne anasema hajawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile.

Milo aliaga dunia nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Oktoba 2023, akiwa na miaka 74, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Ameacha mjane, LaVonne. Binti, Renae, na mumewe Curt. Wajukuu wawili, Tessa na Anton. Na dada yake, Ludmila.

Pumzika kwa utulivu, Milo. Anayekubeba sasa hahitaji maelekezo yako.