Mzee Hodi na Mlango wa Chumba cha Nne

"Andika alifariki kwa ajali, inatosha!" alisema baba mkubwa jana asubuhi sebuleni, na binti wa marehemu akamjibu, "Baba mkubwa, hukuwahi kufika kazini kwake hata siku moja, hiyo ajali umeiona wapi?", naye akasema hafundishwi na mtoto aliyeishia kidato cha pili, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na nyote mlio msibani mlisikia, ni vizuri historia hii ya marehemu isomwe yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 2031, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule iliyo nyuma ya soko, akamaliza kidato cha nne mwaka 2048, kisha akaajiriwa kiwanda cha matofali, na huko, tarehe 17 Agosti 2058, akichimba udongo, sururu yake iligonga ukuta wa nyumba iliyojengwa na viumbe waliotoka nyota nyingine, walioondoka kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Wataalamu walipokuja walimchukua awe mchimbaji wao, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na moja.

Alifunga ndoa mwaka 2061, wakajaliwa mtoto mmoja, ndiye anayewasomea. Mama aliugua muda mrefu, binti akaacha shule ili amuuguze, mama akafariki tarehe 2 Februari 2077, na tangu hapo nyumba ikawa na watu wawili na viti sita, na marehemu, ambaye hakuwa msemaji, akazoea kubaki kazini wenzake wakishaondoka.

Chumba cha nne cha magofu yale kina mlango usio na kitasa, unaofunguka kwa sauti, na wenzake waliupigia makofi wakapita, lakini yeye alisema nyumba ya watu ni nyumba ya watu hata wenyewe wasipokuwepo, akapiga hodi mara tatu, akasubiri, ndipo akagundua kwamba anayesubiri hurudishiwa maneno yaliyosemwa pale mlangoni, mazungumzo baada ya mazungumzo, kuanzia ya karibuni kwenda ya zamani, kwa sauti zilezile. Aliwaeleza wenzake, wakacheka mpaka wakakaa chini, wakamwita Mzee Hodi, na aliyecheka kuliko wote ni msimamizi.

Tarehe 11 Juni 2079 alikutwa ndani ya shimo la chumba hicho, amevunjika shingo, msimamizi akaandika kwamba aliteleza. Siku ya tatu binti alikwenda kuchukua viatu na brashi zake, akapiga hodi, akasubiri mlango umalize maneno ya waliobeba mwili, na baada ya hapo ukasema kwa sauti ya baba yake, "Rudisha hivyo vikombe, bwana, si vyetu," na kwa sauti ya msimamizi, "Nani atajua? Utaushtakia mlango?", kisha ikafuata kelele ambayo haitasomwa hapa.

Jana mchana, baada ya ubishi ule, baba mkubwa na mpelelezi wa polisi walikwenda na binti, wakapiga hodi, wakasubiri, wakasikia, na vikombe vitatu vya magofu yale vimekutwa kabatini kwa msimamizi, ambaye sasa yuko mahabusu. Kwa hiyo marehemu hakufa kwa ajali. Aliuawa.

Familia inamshukuru daktari aliyeuosha uso wake kabla binti hajauona, wafanyakazi wenzake waliompandisha kwa mikono yao, majirani waliovijaza vile viti, na mpelelezi, aliyekubali kupiga hodi mbele ya vijana wake bila kuona haya. Baba, kazi imekwisha, pumzika sasa.

Jambo la mwisho ni hili, na baba mkubwa mwenyewe ameruhusu lisomwe: wengine walipotoka, yeye alibaki, akavua kofia, akausogelea mlango ule, akasema, "Mdogo wangu, ni mimi. Nisamehe, nimechelewa kuja kukuona."